Kuifanya mirija nano ya kaboni iwe salama kubeba dawa mwilini: mwongozo kamili kwa mtafiti wa Dar es Salaam

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa uzamili au uzamivu, wa kemia, famasia au sayansi za tiba, awe Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, au Muhimbili (MUHAS), Upanga, aliyeamua kuitafiti mirija nano ya kaboni kama chombo cha kubebea dawa. Nimeupanga kama kazi yenyewe inavyokwenda maabara, kuanzia kopo linapofunguliwa hadi panya anapochunguzwa. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: usalama wa mirija hii hutengenezwa kwenye kemia, kabla seli hata moja haijaguswa. Anayekimbilia seli akiwa na mirija asiyoujua urefu wake wala uchafu wake atapata namba nyingi, na hakuna atakayejua namba hizo zinahusu nini: kaboni, chuma kilichobaki ndani, au sabuni iliyotumika kuisambaza.

Mrija nano wa kaboni ni karatasi ya kaboni yenye unene wa atomu moja iliyoviringishwa ikawa bomba. Wenye ukuta mmoja huwa na kipenyo cha nanometa 1 hadi 2 hivi. Wenye kuta nyingi, moja ndani ya nyingine, unaweza kufika makumi ya nanometa. Mjapani Sumio Iijima aliueleza ule wa kuta nyingi mwaka 1991, na wa ukuta mmoja ukafuata mwaka 1993. Kinachowavutia watu wa dawa ni ukubwa wa uso wake. Dawa yenye pete bapa za kaboni, kama doksorubisini, hujilaza juu ya ukuta wa mrija na kushikamana nao bila kufungwa kwa kemia yoyote.

Doksorubisini ni mfano mzuri kwa sababu shida yake inajulikana. Inaua seli za saratani, lakini inaumiza moyo pia, na daktari hulazimika kujumlisha dozi zote ambazo mgonjwa amewahi kupewa maishani. Jumla ikifika miligramu 450 hadi 550 kwa kila mita ya mraba ya mwili, hatari ya moyo kushindwa kazi huwa kubwa. Mama mwenye saratani ya matiti anayetoka Mbagala kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road kwa matibabu angefaidika sana na chombo kinachopeleka dawa kwenye uvimbe wa saratani na kuuacha moyo. Hata hivyo, hakuna dawa iliyobebwa na mirija nano ya kaboni iliyoidhinishwa kwa wagonjwa popote duniani, wakati doksorubisini iliyofungwa ndani ya vifuko vya mafuta iliidhinishwa Marekani tangu mwaka 1995. Weka jambo hilo akilini, maana vifuko hivyo ndivyo mpinzani wako, na tutarudi kwake.

Hatari inatoka wapi

Usijaribu kuondoa hatari usiyoijua chanzo chake. Kwa mirija hii vyanzo ni vinne, na kila kimoja kina dawa yake.

Cha kwanza ni urefu pamoja na ugumu. Makrofaji, zile seli zinazomeza uchafu mwilini, haziwezi kumeza sindano iliyo ndefu kuliko zenyewe. Uzi mgumu unaozidi maikrometa 15 hadi 20 huibakiza seli ikiwa imemeza nusu, ikimwaga kemikali za uvimbe bila kukoma. Hivyo ndivyo asbesto inavyoumiza utando wa mapafu. Sisi tuliokulia kwenye majengo ya zamani ya serikali yaliyoezekwa asbesto tunalo la kujifunza hapa, kwa sababu madhara yake hujitokeza baada ya miongo. Mwaka 2008 watafiti walioongozwa kutoka Edinburgh walidunga mirija ya kuta nyingi tumboni mwa panya. Ile mirefu ilileta uvimbe na vinundu ndani ya siku 7, kama asbesto. Ile mifupi na iliyojisokota haikufanya hivyo. Mwaka 2014 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka aina moja ya mirija migumu ya kuta nyingi, MWCNT-7, katika kundi la 2B, yaani huenda inasababisha saratani kwa binadamu. Aina nyingine ziliwekwa kundi la 3, ambalo maana yake ni kwamba ushahidi haukutosha kuamua. Wengi hulisoma kundi hilo la 3 kama cheti cha usalama. Silo.

Cha pili ni metali. Mirija huota juu ya vichocheo vya chuma, nikeli au kobalti, na mabaki yake hubaki ndani. Chuma kikikutana na peroksidi ya hidrojeni iliyomo kwenye seli huzalisha oksijeni kali zinazochoma mafuta, protini na DNA.

Cha tatu ni kushikana. Mirija mibichi haipendi maji. Hujifunga mafungu kama tambi zilizokauka sufuriani, na fungu hilo likidungwa kwenye mshipa hukwama kwenye vishipa vidogo vya mapafu. Cha nne ni uso wenyewe: mrija ukiingia kwenye damu, protini huuvaa kwa muda mfupi sana, na aina ya protini ndiyo inayoamua kama ini litaukamata au utaendelea na safari.

Hatua ya kwanza: jilinde wewe

Mtu wa kwanza kupata madhara ya mirija hii ni mtafiti anayeipima kwenye mizani, sio mgonjwa. Unga mkavu ni mwepesi mno na huruka kwa pumzi. Taasisi ya Marekani ya afya kazini, NIOSH, mwaka 2013 ilipendekeza kikomo cha mikrogramu 1 ya kaboni kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa saa 8 za kazi. Kiasi hicho hakionekani kwa macho.

Kwa hiyo, zima pangaboi. Najua joto la Dar mwezi Februari, lakini feni ya darini na kiyoyozi kinachopuliza juu ya meza ni maadui wakubwa wa kazi hii. Fanya kazi ndani ya kabati la kemikali linalofyonza hewa, vaa barakoa ya daraja la N95 au zaidi iliyokubana usoni, glavu mbili za nitraili na koti lenye mikono iliyobana. Njia bora zaidi ni kutopima unga kabisa kila siku: pima mara moja, uloweshe palepale kwenye maji au alkoholi, kisha fanya kazi zote zinazofuata na tope lenye uzito unaojulikana. Sakafu na meza zifutwe kwa kitambaa kibichi, ufagio usiguse.

Taka zikae kwenye chombo chenye lebo, karatasi na glavu zikiwa kwenye mifuko miwili, zipelekwe kwenye tanuri la joto kali kwa utaratibu wa chuo chako na NEMC, baraza la taifa la mazingira. Kaboni hii huungua hewani ikipata joto la kutosha, kwa hiyo tanuri linalofika nyuzi 850 au zaidi linaimaliza. Usimwage kwenye sinki. Maji ya sinki za mji huu yana njia zake, na mwisho wa nyingi ni mto Msimbazi kisha bahari.

Hatua ya pili: ijue mirija uliyonunua

Karatasi ya muuzaji isome, kisha pima mwenyewe. Unahitaji mambo manne: kiasi cha metali, urefu, kipenyo, na hali ya ukuta.

Metali hupimwa vizuri kwa mashine ya ICP, inayotambua kila metali na kiasi chake. Kama foleni ya mashine hiyo ni ya miezi, iko njia ya tanuri la kawaida ambayo inaheshimika. Pima uzito wa kijungu cha kauri, weka sampuli kavu, choma hewani kwa nyuzi 800 hadi 900 mpaka uzito uache kubadilika, pima majivu. Majivu ya rangi ya kahawia yenye wekundu ni oksidi ya chuma, na asilimia 70 ya uzito wake ndiyo chuma chenyewe. Njia hii haitakuambia kila metali iliyopo, lakini inatosha kukuonyesha kama usafishaji umefanya kazi, kwa kulinganisha kabla na baada.

Kama idara yako inayo mashine ya kupima uzito huku joto likipanda, kumbuka unyevu wa pwani. Mirija iliyotiwa asidi hunywa mvuke wa hewa, na upungufu wa uzito chini ya nyuzi 150 mara nyingi ni maji tu. Kausha sampuli kwanza, ihifadhi kwenye chombo chenye chembe za kukaushia, la sivyo utaripoti maji ya Bahari ya Hindi kama kemia yako.

Urefu na kipenyo hupimwa kwa hadubini ya elektroni. Pima mirija mia kadhaa, kutoka sehemu mbalimbali za sampuli, na utoe mgawanyo wote wa urefu. Wastani peke yake unadanganya: sampuli yenye wastani wa maikrometa 1 inaweza kuwa na mirija michache ya maikrometa 25, na hiyo michache ndiyo inayoua. Kifaa kinachopima ukubwa kwa kutawanyika kwa mwanga hakifai kwa kazi hii, kwa sababu hesabu zake hudhani kila chembe ni mpira.

Hali ya ukuta huonekana kwenye spektra ya Raman, kipimo cha jinsi leza inavyotawanywa na sampuli. Kilele cha karibu 1580 ni cha kaboni iliyopangika, na cha karibu 1350 ni cha kasoro. Andika uwiano wa viwili hivyo sasa, maana utaurudia baada ya kila hatua.

Hatua ya tatu: toa metali

Asidi hidrokloriki huyeyusha metali na kuacha kuta salama. Shida ni kwamba chembe nyingi za metali zimevikwa ganda la kaboni, na asidi haizifikii. Ndiyo maana mirija huchomwa kidogo hewani kwanza. Kwa mirija ya kuta nyingi, nyuzi 350 hadi 400 kwa muda mfupi kwa kawaida hupasua maganda na kuondoa masizi yasiyo na umbo. Ya ukuta mmoja, hasa yenye metali nyingi, huanza kuungua mapema zaidi, kwa hiyo jaribu na miligramu chache kabla hujapoteza kopo zima.

Baada ya hapo chemsha kwenye asidi hidrokloriki ya moli 6 kwa lita, kwa saa kadhaa, kukiwa na kipoza mvuke juu ya chupa. Chuja kwa utando wa PTFE, plastiki isiyoliwa na asidi, wenye matundu ya maikrometa 0.2, na uoshe mpaka maji yanayotoka yawe na pH ya kawaida. Maji ya kuoshea yawe yaliyoondolewa chumvi. Visima vingi vya Dar karibu na pwani vina maji ya chumvichumvi, na kalsiamu yake itashika mirija yako mbele ya safari na kuigandisha. Rudia mzunguko mzima, pima majivu tena, na uendelee mpaka mizunguko miwili mfululizo itoe jibu lilelile. Metali inayobaki hapo imefungwa ndani kabisa. Itaje kwenye ripoti yako kwa namba.

Hatua ya nne: kata, kisha osha takataka za kukata

Hapa ndipo usalama mkubwa unapopatikana, na ndipo watu wengi huharakisha.

Njia iliyozoeleka tangu mwaka 1998 ni mchanganyiko wa asidi ya salfuriki na ya nitriki, zote nzito, kwa uwiano wa 3 kwa 1, ndani ya beseni la mawimbi ya sauti lenye joto la nyuzi 35 hadi 40. Asidi hula kuta penye kasoro, mrija unakatika, na kwenye ncha na majeraha kunabaki vikundi vya kaboksili vinavyopenda maji. Beseni hupata joto lenyewe likifanya kazi, na chumba cha Dar hakilipoozi. Badilisha maji au tia barafu ili joto lisipande. Weka sampuli ndogo pembeni baada ya saa 2, 4, 8 na 24. Huo mfululizo utakuonyesha mirija yako inakatika kwa kasi gani, kwa sababu kila kopo lina tabia yake. Lengo langu ni mirija isiyozidi maikrometa 1, na isiyokuwa na hata mmoja unaozidi 5 katika yote niliyoihesabu.

Tahadhari zake hazina mjadala. Mimina mchanganyiko wa asidi ndani ya maji ya barafu, polepole. Usimimine maji ndani ya asidi. Asetoni, ethanoli na kiyeyushi kingine chochote cha kikaboni visikaribie chupa yenye asidi ya nitriki, kwa kuwa mchanganyiko huo hulipuka. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kabati la kufyonza hewa nalo linasimama: funga mlango wa kabati, toka chumbani, rudi hewa ikishasafishwa. Kazi ya saa 24 inayotegemea umeme wa TANESCO peke yake haifai kuanzishwa bila jenereta.

Baada ya kuchuja na kuosha, miongozo mingi inaishia hapo. Usiishie. Asidi huacha vipande vidogo vya kaboni iliyoungua nusu, vyenye kaboksili nyingi, ambavyo hujibandika juu ya kuta. Vipande hivyo hupokea PEG yako (polima ya kuivika mirija, hatua ya tano), hubeba dawa yako, halafu huachia mwilini na kuondoka nayo, huku mrija ukibaki uchi. Vitoe kwa kuosha na sodiamu haidroksaidi nyepesi, kama moli 0.01 kwa lita; maji yatatoka na rangi ya kahawia. Endelea mpaka yatoke meupe, kisha rudisha kwa asidi hidrokloriki nyepesi na uoshe kwa maji safi. Ukitaka kuchagua hatua moja ya kuongeza kwenye kazi uliyokwisha kuifanya, chagua hii.

Uwiano wa Raman utaonyesha kasoro zimeongezeka, na wapo watakaokuambia umeharibu mirija. Kwa matumizi ya umeme wangekuwa sahihi. Kwa mwili, kasoro hizo ni mlango. Mwaka 2010 ilionyeshwa kwamba mieloperoksidasi, kimeng'enya cha seli nyeupe za damu aina ya nyutrofili, huweza kuvunja mirija ya ukuta mmoja iliyokatwa hivi. Kimeng'enya cha mmea chenye kazi inayofanana kimevunja mirija yenye kaboksili na kuiacha ile mibichi kama ilivyo. Mrija usio na kasoro hata moja ni mrija ambao mwili hauna pa kuanzia kuuvunja.

Hatua ya tano: ivike

Kaboksili zinatosha kuisambaza mirija kwenye maji matupu. Kwenye maji ya chumvi ya kiwango cha damu itagandamana mbele ya macho yako, kwa hiyo inahitaji vazi. Vazi linalotumika zaidi ni PEG, polima inayovuta maji na kuzuia protini kukaribia.

Njia ya kuifunga kwa kemia: amsha kaboksili kwa reajenti za kuunganisha, EDC na NHS, kwenye bafa ya MES yenye pH 5 hadi 6, kisha ongeza PEG yenye amini kwenye pH ya 7.2 hadi 8, acha usiku kucha, ondoa PEG isiyofungwa kwa dialisisi ya siku kadhaa. EDC huharibiwa na unyevu. Chupa ikitoka kwenye friza iache ipate joto la chumba kabla hujaifungua, vinginevyo mvuke wa hewa yetu utagandia ndani na reajenti itakufa kimyakimya. Gawanya kwenye vichupa vidogo siku ya kwanza.

Njia ya kuivika bila kufunga hutumia mafuta yaliyounganishwa na PEG, kama DSPE-PEG 5000, ambayo mkia wake hung'ang'ania ukuta wa mrija. Inafaa zaidi kwa mirija ya ukuta mmoja na haiharibu ukuta. Kundi la Stanford lilionyesha kwa panya kwamba mirija iliyovikwa PEG vizuri hukaa muda mrefu kwenye damu, kisha sehemu kubwa hutoka kupitia nyongo na kinyesi katika muda wa miezi miwili hivi. Zipo pia njia za kupachika vikundi vyenye chaji chanya. Mwaka 2006 mirija ya ukuta mmoja ya aina hiyo ilionekana kutoka kwenye damu ya panya kwa nusu-uhai wa takriban saa 3, na kupita kwenye mkojo. Mimi ningeanza na PEG iliyofungwa kwa kemia, kwa kuwa ninajua haitavuliwa na protini za damu kirahisi. Sabuni kali kama SDS usiitumie hata kwa muda. Inaua seli yenyewe, na kuitoa yote ni kazi ngumu.

Vazi linabadilisha pia hatari ya urefu. Mwaka 2013 watafiti wa Ulaya walichukua mirija mirefu yenye tabia ya asbesto na kuipachika minyororo mifupi ya ethilini glaikoli: mafungu yakaachana, na madhara tumboni mwa panya yakapungua sana. Walipopachika minyororo ya mafuta, ambayo haikuyaachanisha mafungu, madhara yalibaki. Hii haimaanishi ukate kidogo na uvike sana. Inamaanisha kukata na kuvika vinafanya kazi pamoja, na kipimo cha yote ni kama mrija mmoja mmoja umesimama peke yake kwenye maji.

Hatua ya sita: jaribu uthabiti na usafi wa kibaiolojia

Changanya mirija yako na maji ya chumvi ya fosfeti, na sampuli nyingine na seramu, kwenye nyuzi 37. Angalia baada ya saa 1, 24, 48 na baada ya wiki: izungushe kwa kasi ndogo kwenye sentrifuji, upime weusi wa maji ya juu kwa spektrofotometa. Kama weusi umepungua waziwazi, rudi hatua ya tano. Usiende mbele kwa matumaini.

Kisha endotoksini, jambo ambalo huharibu kazi nzuri nyingi. Ni mabaki ya ukuta wa bakteria, yapo kwenye maji na vyombo visivyooshwa sawasawa, na husababisha uvimbe uleule ambao utailaumu mirija. Pima kwa LAL, kipimo cha kawaida cha endotoksini, lakini mirija hunyonya rangi na protini za kipimo hicho, kwa hiyo ongeza kiasi kinachojulikana cha endotoksini kwenye sampuli yako na uone kama kinarudi kati ya asilimia 50 na 200. Kisiporudi, jibu la "hamna" halina maana.

Hatua ya saba: pakia dawa

Hatua hii ni nyepesi ukilinganisha na zilizotangulia. Koroga doksorubisini na mirija kwenye bafa yenye pH ya juu kidogo ya 7, gizani, usiku kucha. Dawa hushika zaidi pH inapopanda. Osha kwa kichujio mpaka maji yasiwe na wekundu. Pima dawa iliyoshikwa kwa ufyonzaji wa mwanga karibu na nanometa 485 baada ya kuondoa mchango wa mirija yenyewe. Kisha pima inavyoachia kwenye pH 7.4 ya damu na pH 5.5 inayokaribia ile ya ndani ya vifuko vya seli. Inatakiwa iachie zaidi kwenye 5.5. Ikiachia nyingi kwenye 7.4, moyo wa mgonjwa haujalindwa hata kidogo.

Jihadhari na mng'ao. Doksorubisini iliyolala juu ya mrija haing'ai, kwa kuwa mrija huuzima mwanga wake. Picha ya seli inayong'aa nyekundu inaonyesha dawa iliyoachia tu.

Hatua ya nane: seli na damu

Hapa namwomba msomaji asimame kidogo. Kipimo cha MTT, kinachopima uhai wa seli kwa rangi, kipo kila maabara ya seli hapa mjini, ni rahisi, na kwa mirija ya kaboni hakiaminiki. Fuwele za formazani zinazotengenezwa na seli hai hushikwa na mirija na kukataa kuyeyuka, kwa hiyo seli nzima zinasomeka kama zimekufa. Jambo hili limeandikwa tangu mwaka 2006, lakini bado tasnifu zinakuja na jedwali la MTT peke yake.

Tumia vipimo viwili vyenye kanuni tofauti. WST-1 hutoa rangi inayoyeyuka kwenye maji na haina shida hiyo. Kipimo ninachokipenda zaidi ni cha kuhesabu makundi ya seli: panda seli chache, ziache siku kadhaa baada ya kuziweka na mirija, paka rangi ya zambarau ya kristali, hesabu makundi yaliyoota. Hakina mwingiliano wa rangi, hakihitaji mashine ya gharama, na huona madhara ya polepole. Katika kila kipimo weka visima (vishimo vya sahani ya seli) vyenye mirija na rangi bila seli, uone mirija yenyewe inasomeka vipi. Weka pia visima vyenye PEG peke yake na vyenye maji ya mwisho ya kuoshea, ili ujue kama sumu ni ya mrija au ya kilichoyeyuka.

Seli za saratani zisiwe peke yake. Makrofaji ndizo zitakazokutana na mirija kwanza, na seli za ini zitafuata. Kwa makrofaji, kuishi hakutoshi. Pima IL-1β na TNF-α, protini za kuashiria uvimbe, kwa sababu seli inaweza kuwa hai huku inapiga kelele. Dozi iandikwe kwa mikrogramu kwa mililita na kwa sentimita ya mraba pia, maana mirija huzama na kulala juu ya seli.

Kwa damu, hata mililita 5 za mtu aliyejitolea zinahitaji kibali cha maadili kabla hujachoma sindano. Anza na kamati ya chuo chako, na uulize mapema kama utafiti wako unapaswa kufika NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Changanya mirija na chembe nyekundu zilizooshwa, nyuzi 37, zungusha, soma himoglobini kwenye nanometa 540. Kwa kawaida chini ya asilimia 2 ya upasukaji huhesabiwa salama, na juu ya 5 ni tatizo. Ongeza himoglobini inayojulikana kwenye mirija uone inanyonywa kiasi gani, kwa sababu mirija inayonyonya himoglobini itaonekana safi kuliko ilivyo. Angalia pia mfumo wa komplementi, yaani protini za kinga zilizomo kwenye damu, ambao mirija mibichi huuamsha na PEG haiuzuii wote.

Hatua ya tisa: wanyama

Usifike hapa kabla majibu ya hatua zote zilizotangulia hayajatoka kwa kundi lilelile la mirija. Wanyama hawafai kutumika kugundua kwamba ulisahau kuosha asidi. Kama chuo chako hakina banda lenye kibali, wasiliana mapema na wataalamu wa mifugo wa Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA), Morogoro, na upange mpango mmoja wa pamoja.

Fanya majaribio mawili tofauti. La kwanza ni la urefu: mirija tumboni, uchunguzi wa kiwambo, msuli unaotenga kifua na tumbo, baada ya siku 7, kukiwa na kundi lililopewa nyuzi ndefu zinazojulikana kuwa na madhara na kundi lililopewa maji ya chumvi. La pili ni la mshipani, kwa dozi unayokusudia kutumia, na ufuatiliaji wa siku 28 na 90. Chunguza ini, bandama, mapafu, figo na moyo kwa hadubini, na utafute mirija yenyewe kwenye tishu kwa Raman, kwa kuwa alama ya mng'ao uliyoibandika inaweza kung'oka na kukuonyesha safari ya rangi badala ya safari ya mrija. Kundi moja lipewe doksorubisini ya vifuko vya mafuta. Bila kundi hilo hujajibu swali atakalokuuliza mtu wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, siku ya kuomba jaribio kwa binadamu: chombo hiki kinampa mgonjwa kitu gani ambacho kilichopo hakimpi?

Kwenye kila ripoti andika namba ya kopo, saa za asidi, mgawanyo wa urefu, majivu, kiasi cha PEG na endotoksini, hata kama jarida halikuomba. Tunza gramu ya kila kundi kwenye chupa iliyofungwa, ikiwa tope. Kiwambo kikionyesha vinundu, chukua chupa hiyo urudie kuhesabu urefu, mirija mingi zaidi kuliko mara ya kwanza, na kundi hilo lisidungwe tena kwa mnyama yeyote.